Bega la Sita

"Ndege yangu ni Ijumaa, saa nne asubuhi," Alwyn alisema, huku akifuta kikombe alichokwisha kukifuta mara mbili. "Nataka jibu kabla sijapanda."

Glenys hakuinua macho. Mikono yake ilikuwa ndani ya povu mpaka kwenye viwiko. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wako ukumbini wanakunywa chai na keki, na zamu ya kuosha vyombo ilikuwa yake.

"Jibu la nini?"

"Glenys, usinifanyie hivyo. Nilikuuliza Jumapili iliyopita, hapa hapa kwenye sinki. Utaolewa na mimi au niende zangu Perth, ng'ambo ya pili ya nchi, kwa mpwa wangu nikafie huko?"

"Nilidhani ni mzaha wa wazee."

"Nina miaka sabini na sita. Mzaha niliuacha bungeni."

Hapo Glenys akacheka, kidogo tu, kisha akakumbuka kuwa hakutaka kucheka. Akakausha mikono kwa aproni, akamgeukia.

"Na mimi swali langu unalijua. Nijibu, nami nitakujibu. Siku ya mazishi ya baba yangu, kwa nini hukuja?"

Alwyn akakitua kikombe taratibu.

"Nilikuwa bungeni. Kulikuwa na kura."

"Hilo uliniandikia kwenye telegramu. Mimi nauliza kwa nini. Ulikuwa umeshapata ruhusa. Wewe mwenyewe ulinipigia simu ukaniambia. Nani alikunyang'anya?"

"Siwezi kusema."

"Miaka arobaini na moja, Alwyn!"

"Hata ikiwa mia."

"Basi safari njema," Glenys akasema, akarudi kwenye vikombe vyake.

Alwyn akachukua kofia, akatoka kwa mlango wa nyuma. Noelene, wifi yake Glenys, dada wa marehemu mumewe, akachomoza kichwa kutoka stoo ambako alijifanya anahesabu sahani.

"Wifi, umemfukuza?"

"Kaondoka kwa miguu yake."

"Stan kaka yangu ana miaka tisa kaburini, na angekuwa hai angekuambia mwenyewe: olewa, uache kuongea na paka."

"Paka ananijibu."

"Haya, kajibane na paka wako," Noelene akasema. "Mzee wa watu anakutazama kama mtoto anayetazama keki dirishani."

Glenys akavua aproni. Njia nzima ya kurudi nyumbani, moyo wake ulikuwa mbali.

Ulikuwa kwenye ngazi za mbao zilizopanda hadi ofisi ya Wakili Alwyn Pascoe, juu ya duka la mbegu na dawa za miti. Glenys alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mpiga taipu wake. Bonde lao lote la Huon lilikuwa matufaha wakati huo, kilima kwa kilima, na watu waliomshukuru wakili walimletea matufaha kwa kreti, hata ofisi ikanuka kama ghala la kufungashia. Alwyn alikuwa akila tufaha zima, na kiini chake na mbegu zake, akibakiza kijiti tu. Wajane walipokuja kusomewa wosia, alikuwa akiwasomea polepole, na wakilia alikuwa akigeukia dirishani mpaka wamalize. Glenys alimpendea hapo. Mwanamume anayejua wakati wa kutazama pembeni si wa kuokota njiani.

Alipogombea ubunge walizunguka bonde zima kwa gari lake bovu. Alwyn alisimama juu ya makreti akahutubia wachuma matunda, Glenys akamshikia mwavuli. Jioni ile aliposhinda, alimvisha pete kwenye ghala la Mzee Burrill, baba yake Glenys, mbele ya wanawake wenye aproni na majani vichwani. Mzee Burrill akasema, "Sasa tuna wakili wa bure." Kila mtu akacheka.

Kisha Uingereza ikaacha kununua matufaha yao. Hivi hivi, kama mtu anayefunga mlango. Serikali ikawalipa wakulima wang'oe miti. Mzee Burrill alisimama kwenye baraza akaangalia trekta likivuta minyororo, miti iliyopandwa na babu yake ikilala chini mmoja baada ya mwingine. Majira ya baridi yalipoingia akalala kitandani, na Agosti mwaka 1975 akafa.

Mazishi yakawekwa Jumatano, saa nane mchana. Wabebaji wa jeneza sita, na wa sita ni Alwyn, mkwe mtarajiwa. Bungeni, kule mji mkuu Hobart, kulikuwa na kura siku hiyo hiyo, juu ya muswada wa kuwasaidia wakulima waliong'olewa miti, na serikali ilisimama kwa kura moja tu. Lakini wabunge wana desturi yao: mtu wa upande huu akiwa na msiba, mmoja wa upande wa pili anakaa nje naye, hesabu isiharibike. Haijaandikwa popote. Ni neno la mtu tu, na anayelivunja hasahauliwi. Alwyn alipiga simu Jumanne, sauti imejaa faraja. "Mpenzi, nimepata. Mzee mmoja wa upinzani, mfuga kondoo, amekubali kukaa nje kwa ajili yangu. Nitakuwepo."

Saa sita mchana wa Jumatano ikaja telegramu. SIWEZI KUJA. KURA. NISAMEHE.

Jeneza likatolewa kanisani mabega matano yakiwa chini yake, na pembe moja ikiyumba. Mvua inanyesha. Ndipo kijana mmoja wa kiwanda cha mbao, ambaye Glenys hakumjua hata jina, akatoka kwenye umati, akavua kofia, akatia bega lake. Huyo ndiye Stan. Walioana mwaka uliofuata, wakaishi miaka thelathini na moja, na hakuna siku ambayo Glenys alilala kwa huzuni kwa sababu ya Stan, mpaka siku Mungu alipomchukua.

Alwyn hakuoa. Alikaa bungeni miaka kumi na tisa, uwaziri mara mbili, barabara na madaraja yanajulikana kuwa yake. Watu walisema amelioa bunge, na bunge limemwacha kwenye uchaguzi kama linavyowaacha wote. Akarudi kwenye ngazi zake za mbao, akaendelea kuandikia watu wosia.

Jumatatu simu ya Glenys ikalia mlio wa ujumbe.

"Glenys. Wapakizaji wanakuja Alhamisi. Sikulazimishi. A. Pascoe."

Akajibu: "Najua jina lako. Huna haja ya kutia sahihi."

Kisha akakaa na simu mkononi, akingoja, kama msichana. Hakuja ujumbe mwingine.

Jumatano asubuhi alikuwa jikoni anatia matunda ya aprikoti kwenye chupa za akiba, dirisha limejaa mvuke, mlango ukagongwa. Mwanamke wa makamo, mrefu, koti la mvua, ameshika bahasha kwa mikono miwili.

"Samahani, mama. Wewe ndiye Glenys, uliyekuwa Glenys Burrill?"

"Ndiye. Ukiwa unauza dini, nina yangu."

Mgeni akatabasamu kwa woga. "Siuzi kitu. Naitwa Trudy. Nimetoka Launceston. Baba yangu alikuwa Clarrie Voss."

Clarrie Voss. Mbunge wa kaskazini, wa chama kimoja na Alwyn, bonge la mtu mwenye kicheko. Glenys alikuwa amesoma gazetini kwamba amefariki kabla ya Krismasi.

"Pole, mwanangu. Lakini Clarrie alikuwa na wana wawili wa kiume. Sikusikia binti."

"Hukusikia kwa sababu hakuna aliyesikia. Mama yangu hakuwa mkewe."

Glenys akazima jiko. Akavuta kiti.

"Kaa. Usimwagikiwe na hayo maji ya moto."

Trudy akakaa, akaweka bahasha mezani. "Ameniachia barua. Wakili wake alinipa wiki iliyopita. Jana nilikwenda kwa Bwana Pascoe kumshukuru, akaniandalia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, 'Sina la kusema juu ya jambo hilo, binti.' Nilimwambia baba amekufa. Akasema, 'Siri ya mteja haifi na mteja.' Nikampa barua aisome, akakataa hata kuigusa."

"Huyo ndiye," Glenys akasema. "Barua inasema nini?"

"Inakutaja wewe."

Trudy akaisoma kwa sauti, maana Glenys hakuwa na miwani, au alisema hana.

"'Mwaka sabini na tano ulikuwa na miaka sita, na moyo wako ulikuwa na tundu. Walipanga kukupasua Jumatano, na mama yako alikuwa peke yake hospitali. Siku hiyo upinzani ulikubali mtu wetu mmoja tu atoke, naye ni Alwyn Pascoe, aliyetakiwa kwenda kumzika baba wa mchumba wake. Nilimfuata asubuhi nikalia kama mtoto. Nikamwambia, nakueleza haya kama wakili wangu, usimwambie mtu, nina mke na nina wapiga kura. Akanipa nafasi yake. Nilikuwa kando ya kitanda ulipofumbua macho. Baadaye nikasikia msichana wa Burrill amemrudishia pete. Nilijua sababu, nikanyamaza, maana nilikuwa mwoga. Mtafute huyo msichana. Na mwambieni Alwyn nimemfungua kinywa.'"

Chupa moja ya aprikoti ilipiga mfuniko wake, ikatulia.

"Nimekuja kuomba radhi," Trudy akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka. "Sijui naomba kwa niaba ya nani."

"Ulikuwa na miaka sita! Uniombe radhi kwa kuwa na tundu moyoni?" Glenys akamshika mkono. "Hebu nikuangalie. Una watoto?"

"Watatu."

"Watatu," Glenys akarudia. "Bwana asifiwe. Niachie barua hii mpaka kesho."

Trudy alipoondoka, Noelene akapigiwa simu, na Noelene akapiga kelele mpaka Glenys akaiweka simu mbali na sikio.

"Wifi! Mtu alikuwa malaika, na sisi tumemsema miaka yote hiyo! Mimi mwenyewe nimemwita mpenda madaraka mbele ya mchungaji! Unangoja nini? Nenda!"

"Naogopa, Noelene."

"Unaogopa nini tena, na yeye hana kosa?"

"Hicho hicho ndicho ninachoogopa."

Noelene hakuelewa, na Glenys hakuweza kumweleza. Mwanamke aliyemkosea mtu asiye na kosa ataingia vipi nyumbani mwake? Kwa magoti? Alisali jioni ile, akaomba apewe maneno. Hakupewa.

Alhamisi mchana akaenda. Wapakizaji walikuwa wamemaliza na kuondoka. Alwyn alikuwa sebuleni katikati ya maboksi, amevaa koti na tai kama anayengoja kuitwa mahakamani.

"Hujambo, Glenys."

"Sijambo. Soma hii."

Akamnyooshea barua. Akamwona anataka kuukataa mkono wake.

"Soma mstari wa mwisho tu. Amekufungua kinywa. Mwenyewe, kwa mwandiko wake."

Alwyn akavaa miwani. Akasoma mstari wa mwisho, kisha akarudi juu akasoma yote, midomo ikitikisika. Alipomaliza akakaa juu ya boksi.

"Maskini Clarrie," akasema. "Kumbe alijua kuhusu pete."

"Kwa nini hukuniambia, hata kwa kidokezo?"

"Ungekuwa wewe mteja, siri yako ikasemwa kwa kidokezo, ungefurahi?"

"Basi nimekuja kukuomba msamaha," Glenys akasema. "Nilikuhukumu bila kesi. Wiki moja baada ya mazishi ulikuja getini kwetu, ukasimama kwenye mvua na kofia mkononi. Nilikuona dirishani. Nikamwambia mama aseme sipo. Ulisimama saa nzima. Nilikuona saa nzima."

"Nilijua upo. Pazia lilikuwa linatikisika."

"Nisamehe, Alwyn."

Alwyn alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Akaenda dirishani, akarudi. Glenys alikuwa hajamwona hivyo hata siku aliposhindwa uchaguzi.

"Kaa chini," akasema.

"Nimesimama vizuri."

"Kaa, tafadhali. Barua ya Clarrie ni ya kweli, lakini haijui kila kitu. Ningeweza kuiacha hivi ilivyo. Usiku wa juzi nilikaa nikijua kwamba yule binti atakuja kwako, na nikajiambia, nyamaza, mzee, hii ndiyo bahati yako."

Glenys akakaa.

"Clarrie aliondoka saa tatu asubuhi," Alwyn akasema. "Saa nne na nusu yule mfuga kondoo akanifuata kwenye korido. Akasema, 'Kijana, mwenzetu mmoja ameamka na homa, hatakuja. Hesabu ziko sawa. Nenda kamzike mkweo.' Saa nne na nusu, Glenys. Safari ni ya saa moja tu. Mazishi ni saa nane."

Nje gari lilipita, likaenda zake.

"Ukasema nini?"

"Nikamshukuru. Nikamwambia nitaona. Lakini jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wazungumzaji, la tatu, na waandishi wa magazeti wamekuja. Ilikuwa hotuba ile uliyonipigia taipu wewe. Nilijiambia, nitazungumza mapema, kisha nitakimbia. Zamu yangu ikasogezwa mchana; kabla ya saa sita nikajua sitawahi, nikatuma telegramu. Niliandika neno KURA. Ningeandika HOTUBA, lingekuwa kweli zaidi."

Glenys alikuwa anaangalia mikono yake. Ilikuwa bado ina rangi ya aprikoti kwenye kucha.

"Ilikwendaje?" akauliza.

"Nini?"

"Hotuba."

"Nzuri," Alwyn akasema, na uso wake ukasawijika. "Walipiga makofi pande zote mbili. Nilimtaja baba yako kwa jina."

"Ulimsifu baba yangu mbele ya watu thelathini na tano, ukashindwa kumbeba na watu watano."

"Ndiyo."

"Pembe ilikuwa inayumba, Alwyn! Kila mtu aliona. Mama yangu aliona!" Alikuwa amesimama bila kujua. "Na mwenzio leo nimekuja hapa kukupigia magoti! Jana usiku sikulala nikijiona mwovu!"

"Najua."

"Ungenyamaza ningeolewa na wewe kesho!"

"Najua hilo pia. Ningekaa mezani kwako kila siku nikila chakula cha mtu mwingine. Cha huyo wa kwenye barua."

Glenys akaenda mpaka mlangoni. Akashika kitasa. Akasimama hapo, mgongo umemgeukia Alwyn, kwa muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu wote taratibu.

Alikuwa anajua. Hilo ndilo lililomsimamisha. Siku zote alikuwa anajua kwamba ni hotuba. Yeye ndiye aliyeipiga taipu, kurasa sita, akaona Alwyn anavyotembea ofisini akiisoma kwa sauti, macho yanang'aa, na alipokuwa akiisikia ile pembe ya jeneza ikigonga nguzo ya mlango wa kanisa alijua Alwyn yuko wapi na anafanya nini. Miaka arobaini na moja aliuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo. Alichotaka ni kulisikia kinywani mwake.

"Stan alikuwa mume mwema," akasema, bila kugeuka.

"Alikuwa mtu bora kuliko mimi. Nilimwandikia wosia wake. Nilimwambia hivyo."

"Alijibu nini?"

"Alisema, 'Hilo nalijua, Pascoe, wewe andika.'"

Glenys akacheka. Hakutarajia. Kicheko kilitoka pamoja na machozi, akageuka, akajifuta kwa mkono wa sweta.

"Yule mtu wa kwenye barua ya Clarrie simtaki," akasema. "Nilimwogopa tangu jana. Nyumba yangu ni ndogo, ina paka, mimi nina hasira asubuhi. Nitakaa vipi na mtakatifu? Lakini mtu aliyenikosea akakubali, na mimi nikamkosea nikakubali, huyo tunaweza kutazamana."

"Glenys, unasema nini?"

"Wakili mzima huelewi?"

"Nataka kulisikia wazi."

"Nasema nitaolewa na wewe, mzee. Piga simu Perth."

Alwyn alipiga simu, na mpwa wake alipouliza kwa kelele nyingi kwa nini haji tena, mheshimiwa aliyewahi kuzungumza saa mbili juu ya daraja moja akakosa neno. Glenys akamnyang'anya simu.

"Mjomba wako amepata mchumba," akasema. "Na mchumba hajala tangu asubuhi. Kwaheri, mwanangu."

Sahani zote zilikuwa zimefungwa. Walikula mkate na jibini juu ya gazeti, wamekaa kwenye maboksi ya vitabu vya sheria, magoti yakigusana, mpaka mkate ukaisha.

"Jumamosi ya pili ya Machi," Glenys akasema, akikunja gazeti na makombo yake. "Baada ya mavuno ya kwanza. Trudy aje na watoto wake wote watatu. Noelene atapika, hata tukimkataza."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utafika mapema," Glenys akasema. "Na hotuba hakuna."